Namna ya Kuunda Serikali ya Muungano Bila Kumaliza Mgogoro

Mwongozo huu ni wa mwanasiasa mwenye chama, muhuri na kadi za uanachama zinazotosha familia yake. Sera si lazima. Umeandikwa kwa kuitazama kazi hiyo kutoka Beni na Butembo, miji ya Kivu Kaskazini ambayo majina yake hutajwa kila serikali mpya inapozaliwa Kinshasa. Fuata hatua kwa utaratibu. Ukiruka moja unaweza kujikuta umetatua tatizo, na mtu aliyetatua tatizo haitwi tena kwenye mazungumzo.

Hatua ya 1: Tafuta mgogoro, na uwe wa watu wengine

Siku za amani hazifai. Watu wakitulia huanza kuuliza habari za mishahara ya walimu. Mgogoro mzuri ni ule unaowaumiza walio mbali na hoteli ya mazungumzo.

Mwaka 2018 ni mfano wa kufundishia. Tarehe 26 Desemba, siku nne kabla ya uchaguzi, Tume ya Uchaguzi, CENI, chini ya Corneille Nangaa, ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi watapiga kura Machi 2019. Sababu zilikuwa Ebola na usalama. Rais mpya alikuwa aapishwe Januari. Kwa hiyo wapiga kura zaidi ya milioni moja waliombwa wavute subira ili wakapige kura rais akiwa amekwisha kuzoea kiti chake. Watu wa Beni walikataa. Tarehe 30 Desemba walijiandalia uchaguzi wao wenyewe: wakanawa mikono kwanza, wakapanga foleni, wakapiga kura ambazo hakuna ofisi iliyozihesabu. Itazame vizuri foleni ile, ewe mtarajiwa. Hao ndio utakaowataja katika kila hotuba, na ndio usiowahitaji chumbani.

Bwana Nangaa naye hakukaa bure. Desemba 2023 alizindua muungano wake mwenyewe mjini Nairobi, AFC, akiwa pamoja na waasi wa M23, na Januari 2025 wakaitwaa Goma. Funzo ni jepesi: ukikosa nafasi katika muungano wa wenzako, unda wako.

Hatua ya 2: Hesabu viti kabla ya kuhesabu matatizo

Mababa wa kazi hii walikaa Afrika Kusini, wakatia saini mkataba wa Pretoria tarehe 17 Desemba 2002. Kutokana na mkataba huo tulipata "1+4": rais mmoja, makamu wa rais wanne. Chini yao walipangwa mawaziri 36 na manaibu 25. Kila mwenye jeshi alipata fungu: serikali, MLC ya Bemba, RCD ya Goma, Mai-Mai, na RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi iliyotawala kutoka Beni. Waliokwenda kule mikono mitupu, wanasiasa wasio na silaha na mashirika ya raia, walipewa nao mafungu yao, ila ndani yake kulikuwa na msongamano. Kijana mwenye akili aliyekuwa akifuatilia redioni alijua upande wenye nafasi nyingi.

Mwaka 2019 hesabu ilikuwa safi zaidi. FCC ya Joseph Kabila, rais aliyetoka madarakani, ilichukua viti 42, CACH ya Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe ikachukua 23. Ukimweka na Waziri Mkuu, serikali nzima ilikuwa na watu 66. Kenya, baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, Kibaki na Raila walitosheka na mawaziri 40. Tuwasamehe, walikuwa wageni katika fani.

Hatua ya 3: Usiwe na haraka

Tshisekedi aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Sylvestre Ilunga Ilunkamba aliteuliwa Waziri Mkuu tarehe 20 Mei. Orodha ya mawaziri ilitoka tarehe 26 Agosti. Miezi saba ya kuchuja, kupima na kurudisha majina yaliyokosewa. Wakenya walitia saini tarehe 28 Februari 2008 wakatoa orodha tarehe 13 Aprili. Mwezi mmoja na nusu! Hiyo ni pupa.

Kuna mdudu mmoja tu ambaye hakuelewa umuhimu wa mashauriano. Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ikitokea Mangina karibu na Beni, haikungoja FCC na CACH wapatane nani achukue Fedha na nani achukue Sheria. Miezi hiyo hiyo ya mazungumzo ndiyo miezi iliyowamaliza watu Katwa na Butembo. Tarehe 17 Julai 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ni dharura ya dunia nzima. Siku tano baadaye waziri wa Afya, Oly Ilunga, akajiuzulu. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 wakiwa wamekufa. Ukiulizwa juu ya hilo, jibu kwamba mashauriano yalikuwa katika hatua nyeti.

Hatua ya 4: Tia saini kila karatasi unayoletewa

Tarehe 11 Novemba 2018, mjini Geneva, wakubwa saba wa upinzani walikubaliana kumsimamisha mgombea mmoja, Martin Fayulu. Kesho yake Tshisekedi na Kamerhe walifuta saini zao. Watu walikasirika, wakasema mengi. Sasa angalia karatasi ile ilivyozaa matunda. Tshisekedi ni rais. Kamerhe alikuwa mkurugenzi wa ofisi yake, kisha Machi 2023 akapewa Uchumi. Mwezi huo huo Bemba alipewa Ulinzi. Agosti 2025 Adolphe Muzito akaingia kwenye Bajeti. Hata Moïse Katumbi alikaa upande wa rais kwa muda kabla ya kuondoka. Kati ya wale saba, aliyeachwa na mkataba mkononi ni yule waliyemchagua wote.

Hatua ya 5: Wape wananchi "mtoto wa kwetu"

Hii ndiyo hatua tamu, na haigharimu kitu.

Orodha husomwa kwenye televisheni ya taifa saa ambazo wacha Mungu wamelala. Ile ya Waziri Mkuu Judith Suminwa, baada ya uchaguzi wa Desemba 2023, ilisomwa usiku wa manane tarehe 29 Mei 2024. Ingia nyumba yoyote ya Butembo usiku kama huo. Baba ameshika simu, sauti imepandishwa mpaka mwisho, mama amekaa pembeni na watoto waliokataa kulala. Manaibu waziri mkuu wanapita, mawaziri wa dola wanapita. Hakuna anayesikiliza wizara. Wanasubiri jina: Kambale, Kasereka, Kakule, Muhindo, Paluku. Likitajwa moja, nyumba inapiga kelele, na jirani naye anapiga kelele, na wizara yenyewe itaulizwa asubuhi.

Baada ya wiki chache waziri anatua uwanja wa Mavivi. Taximan wa moto, yaani pikipiki, wamejaziwa mafuta tangu alfajiri, vitenge vyenye sura yake vimeshashonwa, msafara unaingia Beni kwa honi na kuzunguka rond-point Nyamwisi. Ekselansi anashukuru rais kwa kukumbuka eneo letu. Anaahidi amani. Anarudi Kinshasa.

Angalia jinsi mbinu hii ilivyodumu. Mbusa Nyamwisi amepita Ushirikiano wa Kikanda kuanzia 2003, Mambo ya Nje kuanzia 2007, Ugatuzi kuanzia 2008, na Muungano wa Kikanda mwaka 2023. Julien Paluku, gavana wetu wa zamani, alipewa Viwanda mwaka 2019 upande wa Kabila. Muungano ulipovunjika akabaki na Viwanda mwaka 2021 upande wa Tshisekedi. Serikali ilibadilika, kiti hakikutikisika. Hatuwezi kulalamika kwamba hatuna watu Kinshasa. Tunao tangu miaka ya vita, na mauaji ya Beni yaliyoanza Oktoba 2014 yamewakuta huko.

Hatua ya 6: Ukitoa kiti cha mbali, shika ofisi ya karibu

Usichanganye mambo. Mtu wa Butembo anaweza kuwa waziri Kinshasa, ila Butembo yenyewe ni jambo lingine. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa kijeshi. Gavana ni jenerali, na ofisi za mameya zilipewa askari na polisi. Mabunge ya majimbo yalisimamishwa. Kwa hiyo raia ana mwakilishi umbali wa safari ya ndege, na jirani kabisa ana mtu asiyemchagua.

Goma ilipoanguka, makao ya jimbo yalihamia Beni, na Jenerali Evariste Somo Kakule akaongoza kutoka hapo. Goma nayo AFC/M23 ikaweka gavana wake. Jimbo moja, magavana wawili, kura sifuri. Hata waandishi wa mkataba wa Pretoria hawakufika mbali hivyo.

Wananchi wakichoka, usishangae. Tarehe 25 Novemba 2019, serikali ya watu 66 ikiwa na miezi mitatu tu tangu itangazwe, watu wa Beni waliokuwa wakizika kila wiki walichoma ofisi ya meya na kuvamia kambi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa. Tuma ujumbe wa mawaziri. Waje na rambirambi.

Hatua ya 7: Vunja, badilisha jina, anza upya

Muungano unaodumu humaliza nafasi za kugawa. Tarehe 6 Desemba 2020 Tshisekedi alitangaza mwisho wa ndoa na Kabila. Tarehe 27 Januari 2021 wabunge wakamwangusha Ilunkamba, wengi wao wakiwa wabunge wa upande wake mwenyewe waliovuka usiku kucha kwenda "Muungano Mtakatifu". Tarehe 12 Aprili serikali mpya ikatoka, watu 57.

Baada ya Goma kutekwa, Februari 2025 iliahidiwa serikali ya umoja wa kitaifa. Mashauriano yakaanza Machi. Tarehe 8 Agosti orodha ikatoka: kutoka watu 54 tukafika 53. Nusu mwaka wa kutafuta umoja ulileta upungufu wa mtu mmoja, na wengi wa waliobaki tulikuwa tunawajua.

Hapo umehitimu. Rudi hatua ya kwanza.

Onyo kwa mtumiaji

Mwongozo huu hufanya kazi mradi tu watu wa Beni na Butembo waendelee kusikiliza jina na kuacha wizara. Wakianza kuuliza waziri ametia saini nini, bajeti ya wizara yake imefika wapi, na kwa nini hawamchagui hata meya wao, hatua zote saba zinaharibika.

Basi neno kwenu wasomaji. Barabara ya Beni hadi Butembo ina kilomita 54. Juni 2021 Tshisekedi na Museveni walizindua mpakani, Mpondwe, mradi wa kuijenga pamoja na ile ya Kasindi hadi Beni, na sehemu ya gharama ikabebwa na hazina ya Uganda. Maana yake, jirani alichangia barabara ya watu wenye mawaziri. Orodha ijayo ikisomwa na mkasikia jina la kwetu, msikodi moto wala msishone kitenge. Mwambieni ekselansi kwamba shukrani zake mtazipokea, ila aje kwa barabara.