Muhadhara wa Uzinduzi: Falsafa ya Buti Refu

Vijana wenye leseni mbichi, nanyi wazazi mliowasindikiza mkiwa na wasiwasi halali, kaeni. Nchi ina maprofesa wa mazao, wa sheria na wa nyota za mbali, lakini haina hata mmoja wa stesheni wagoni zilizotumika zenye hulka ya mbio. Pengo hilo nimelijaza mwenyewe, bila kuteuliwa wala kupingwa, kwa sababu tungengoja taratibu za uteuzi mngekuwa mmeshanunua Altezza. Suala la leo ni moja: kijana mwenye fedha kidogo na hamu kubwa anunue gari gani la buti refu? Jibu langu, ambalo nitalithibitisha hadi mkinai, ni kwamba anunue jepesi, lisilo na turbo, lenye gia za mkono likipatikana; na kwamba hilo ndilo gari la michezo kuliko yote mnayoyabandika kwenye simu zenu. Kwa jina lake la ukoo: Toyota Corolla Fielder. Naona wa viti vya nyuma wanacheka. Andikeni kwanza, mtacheka baadaye.

Kabla ya yote tuondoe ushamba wa kudhani buti refu ni la wauza mikate tu. Mwaka 1994 Volvo ilipeleka stesheni wagoni aina ya 850 kwenye mashindano ya magari ya Uingereza, usukani ukiwa kwa Rickard Rydell wa Sweden na Jan Lammers wa Uholanzi. Haikushinda mbio hata moja, jambo ambalo sisi wasomi hulitaja upesi na kupita. Lakini ilichuana na saluni msimu mzima, na mwaka uliofuata kanuni mpya za mabawa ndizo zilizowarudisha Volvo kwenye saluni. Wajapani nao walilichukua wazo hilo kwa uzito. Mitsubishi Legnum VR-4, baadhi ya Subaru Legacy za turbo, Toyota Mark II Blit ya turbo: zote zilitangazwa kuwa na farasi 280, namba ile ile, kwa kuwa watengenezaji wa huko walikuwa wamekubaliana kutovuka hapo, makubaliano yaliyoachwa mwaka 2004. Caldina GT-Four ikaridhika na 260. Kwa hiyo kijana anayetamani buti lenye kasi hajapagawa. Ana historia nyuma yake.

Mtego uko kwenye umri. Nchini Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa, magari hayo sasa hubadilisha mikono humo humo ndani, kila mkono ukiacha dhambi zake. Nchini Tanzania bado yanaweza kushushwa bandarini, ila ushuru wa uchakavu unamngoja mwenye nayo. Bei ya yadini inavutia kwelikweli, lakini bei ya gari ni mahari tu. Ndoa yenyewe inaanzia gereji. Chukueni Legacy ya turbo. Injini yake imelala, silinda zimeelekea kulia na kushoto, hivyo plagi zinatazama ubavu wa bodi na fundi hulazimika kupenyeza mkono mahali ambapo mkono wa binadamu haukukusudiwa. Taimingi yake inaendeshwa na mkanda. Mkanda ukikatika, valvu hukutana na pistoni, na hapo hesabu si ya mkanda tena, ni ya injini. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, ikilainishwa na oili ile ile ambayo mwenye gari wa kwanza, wa pili na wa tatu wote waliahirisha kuibadilisha. Tena injini hizo zilipangiliwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ya oktani 100, ambayo pampu zetu nyingi haziiuzi. Ukiilisha ya chini, kompyuta ya gari ikisikia injini inagonga huirudisha nyuma taimingi ya kuwasha ili iokoe pistoni, na wewe unabaki na farasi wachache kuliko uliowalipia.

Sasa nadharia, ambayo natarajia siku moja itaitwa kwa jina langu. Wengi hupima umichezo wa gari kwa farasi waliomo ndani. Mimi naupima kwa sehemu ya farasi hao ambayo dereva anaitumia kweli. Barabara zetu zina matuta, zina rasta, zina ng'ombe, zina bodaboda anayekata kona bila taarifa. Kati ya tuta na tuta, mwenye farasi 280 hukanyaga mafuta kidogo, turbo inaanza kupumua, na tuta jingine limefika. Ametumia robo ya gari na lita nzima ya petroli. Mwenye Fielder ya 1.5, farasi kama 110 na uzito wa tani moja na ushee, katika umbali ule ule ameipandisha gia ya pili hadi injini ilie, ameingiza ya tatu, amepunguza, amerudi ya pili. Gari zima limefanya kazi, na yeye pia. Legacy ya turbo inakaribia tani moja na nusu na Blit ya turbo inaivuka. Uzito huo unapaswa kusimamishwa kila unapoanzishwa, na wanaolipa ni breki pedi. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi: ukitoka 50 kwenda 100 haikuongezeka mara mbili bali mara nne. Mwenye leseni ya mwezi jana hana ustadi uliozidishwa mara nne. Ana ule ule wa mwendo wa 50.

Mwanafunzi makini, kama yupo, atauliza: kwa hoja hiyo ya wepesi, kwa nini tusichukue Probox, yenye injini hiyo hiyo? Swali zuri, nilikuwa nimelitayarisha. Probox ilizaliwa mwaka 2002 ikiwa gari la kazi, na springi zake za nyuma zimepangwa kubeba mzigo wa hadi kilo 400. Ikiwa tupu hurukaruka kwenye barabara ya vumbi, mkia ukitafuta njia yake peke yake. Zile mnazosikia zinakimbiza miraa kutoka Meru zinatulia kwa sababu zimeshiba. Mzigo ndio shokapu yao. Fielder, kwa upande wake, ilitengenezewa watu, na hutulia hata dereva akiwa peke yake na mawazo yake.

Wengine mtatetea Altezza Gita, kwa kuwa inasukuma kwa magurudumu ya nyuma na dashibodi yake ina saa ndani ya saa. Hapa elimu inauma. Injini ya silinda nne ya farasi 210, iliyoipa Altezza ya saluni jina lake, haikuwekwa kwenye Gita. Gita ya kawaida ya lita 2 ina silinda sita, farasi 160 na gia otomatiki: inakunywa kama bondia na kukimbia kama mjumbe wa harusi. Anayeinunua analipia sifa za ndugu yake. (Kwa haki ya kitaaluma nitaje kwamba hata Fielder ilikuwa na mtoto mtundu: Z Aerotourer, injini ya 1.8 iliyoendelezwa pamoja na Yamaha, farasi 190, gia sita za mkono. Ukiikuta na mwenyewe hajui alichonacho, nyamaza, lipa, ondoka.)

Pingamizi la tatu ni la heshima: kwamba Fielder ni gari la mwalimu mkuu, halina mlio, na mtaani hakuna atakayegeuka. Nakiri halina mlio. Lakini mnaokata dumu la ekzosi ili gari lingurume, mnapata kelele bila farasi, na kelele husikika na trafiki kabla hujamwona. Gari linalofanana na la mwalimu mkuu lina fadhila ambayo hakuna kiti cha ngozi kinachoifikia: linaaminika. Halikaribishi ushindani kwenye taa. Halimvutii mwizi wa saiti mira kama yale makubwa, japo nitamwelewa atakayenibishia hapo. Na ukipigwa tochi ukiwa na 58 kwenye eneo la 50, sura ya gari inakusaidia kueleza kwamba ulikuwa unawahi mtihani, ingawa faini utalipa vilevile.

Pingamizi zito kuliko yote hayo wengi huogopa kulitaja mbele ya wazazi. Ukiwa na buti, unakuwa mchukuzi wa ukoo. Godoro la binamu anayehamia chuo, magunia mawili ya mkaa, viti vya sendofu, kuku waliofungwa miguu na shangazi anayeshikilia kwamba hawanuki. Vyote vitakuja kwako, na hakuna atakayeuliza kama injini yako ni ya michezo. Wapo wanaonunua gari dogo la milango miwili kwa sababu hiyo tu. Ni woga, na tena ni hesabu mbaya. Ukoo unaokutumia unachangia mafuta, au angalau unaona haya kukusema unaporudi usiku. Gari linalofanya kazi za watu hupata pesa ya oili na matairi pale mfuko wa kijana unapokauka. Lile la kupendeza tu linaegeshwa, betri inalala, mpira wa breki unakauka. Zaidi ya hapo, hakuna shule ya udereva inayofundisha uhamishaji wa uzito kama kumpeleka shangazi mwenye trei ya mayai kutoka Chalinze. Anayepiga breki hovyo atasikia kutoka kiti cha nyuma maneno ambayo mtahini wa leseni hakuthubutu kuyasema.

Hata spea zinanitetea. Injini ya Fielder ya 1.5 iko pia kwenye Vitz, IST, Raum na Probox, kwa hiyo duka la spea lisilo nayo si duka. Taimingi yake ni ya cheni, si mkanda. Tairi za inchi 15 huvumilia shimo ambalo tairi nyembamba za inchi 17 za Legacy hulipigia magoti, na mara nyingine huliachia rimu.

Imebaki ununuzi wenyewe. Fika asubuhi bila taarifa na uweke kiganja juu ya boneti: ikiwa ya moto, mtu ameficha namna injini inavyoamka ikiwa baridi. Omba karatasi ya mnada wa Japani. Ukiona daraja R au RA, gari limewahi kugongwa likatengenezwa, na dalali akisema karatasi imepotea, ichukulie kuwa imesema hivyo hivyo. Namba za kilomita kwenye dashibodi hurudishwa na vijana wenye laptopu. Raba ya klachi iliyolika mpaka chuma haijui kompyuta. Kisha nenda kwenye buti, maana huko ndiko falsafa yote ilipo. Nyanyua zulia, toa tairi ya spea, mulika tochi ya simu kwenye shimo lake. Welding ya kiwandani ni vidoa vidogo vya duara vilivyopangwa kwa nafasi sawa. Ya mtaani ni makovu yaliyopakwa rangi kwa haraka. Tafuta maji, kutu, na bati lenye mikunjo. Dalali akikuambia zulia la buti halinyanyuliwi kwa sababu limegundishwa hivyo Japani, mpe mkono, msifu kwa ujuzi wake, uvuke barabara kwenda yadi ya pili.