Tairi Lilivyoniogesha Mbele ya Mama Mkwe

Maji yaliyonipiga usoni Jumamosi yalikuwa yamelala ndani ya tairi la trekta tangu mwaka juzi, na yalinuka hivyo. Yalinikuta mdomo wazi, katikati ya salamu ya "mulembe" niliyokuwa nikimpa mama mkwe kutoka mbali. Kwetu Nambale mkwe hapeani mkono na mama mkwe. Hata njiani hupisha. Sasa mama huyo amenisikia nikitapika.

Wenye magari madogo hawajui kwamba tairi la nyuma la trekta hutiwa maji hadi robo tatu, liwe zito ling'ang'anie udongo. Hewa hubaki juu kidogo tu. Kabla ya kufungua valvu, gurudumu huzungushwa hadi valvu ikae juu kabisa. Fundi wangu wa pancha, niliyemtoa mpakani Malaba kwa kuwa ndiye wa bei nafuu, amezoea malori yanayokwenda Kampala, ambayo tairi zake ni hewa tupu. Akaiacha chini.

Lakini kuziba kwenyewe, jamani! Kisiki cha muwa kilikuwa kimepenya tairi na tyubu. Fundi akaukwaruza mpira, akapaka gundi, akabandika kipande cha mpira mbichi, akakibana kwa pistoni kuukuu ya injini, akamimina mafuta taa ndani ya pistoni na kuwasha. Salfa iliyochanganywa katika mpira mbichi ikipata joto hufunga nyuzi zake pamoja, na kiraka hakibanduki tena. Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua siri hiyo mwaka 1839 na akafa 1860 akiwa na madeni. Kampuni yenye jina lake ilianzishwa 1898, na hakuwa na hisa wala ndugu humo.

Huyo namwelewa. Tairi jipya ningenunua, ila kiwanda cha sukari hakijanilipa pesa za kubeba miwa. Nikienda kuuliza naambiwa malipo yako njiani. Labda yamekwama kwenye foleni ya malori Malaba. Ila trekta likichelewa shambani asubuhi moja, simu yao hunifikia kabla ya jogoo.

 

Kiraka kimeshika, na fundi nilimlipa siku ile ile, maji yakinichuruzika. Wenye kiwanda, sukari mmeshaiuza. Tulipeni.