Kabla Hujampa Binti Bastola ya Uchawi

Kwanza mpunguzie risasi moja. Bastola ya Colt ya mwaka 1873, ile ya makauboi wa sinema, ina matundu sita, lakini wazoefu walijaza matano na kuiacha nyundo ilale juu ya tundu tupu. Ikigongwa vibaya, hiyo ya sita ingemwingia mwenyewe mguuni. Kwa hiyo shujaa wa riwaya yako, binti wa miaka 17, ana risasi tano. Akipiga sita, msomaji aliyekuwa akihesabu atafunga kitabu, nami nitamwunga mkono.

Kila mara avute nyundo kwa kidole gumba. Baruti ya zama zile ilitoa moshi mzito mweupe, na ndani ya baa, baada ya risasi mbili tatu, watu hawaonani. Hapo ndipo penye riwaya! Usiufukuze kwa upepo wa kimuujiza. Mwache akohoe, asikilize buti likilia juu ya mbao.

Farasi si pikipiki. Anywe maji, achechemee.

Shabaha nayo aitolee jasho. Annie Oakley, mlenga shabaha aliyezaliwa Ohio mwaka 1860, hakuhitaji mganga wa kumtabiria. Baba alifariki, nyumbani shida, mtoto akawinda na kuuza nyama. Alipojiunga na maonyesho ya makauboi ya Buffalo Bill mwaka 1885, mkono ule ulikuwa umekwisha kufundwa na sufuria tupu. Na bastola impige teke: katika riwaya ya True Grit ya Charles Portis (1968), Mattie Ross, binti wa miaka 14, anamfyatulia aliyemwua babake, na teke hilo linamrudisha nyuma hadi shimoni. Napenda sana ukurasa ule, kwa sababu haki imepatikana na mwili umeilipia papo hapo.

Sasa uchawi. Usiutawanye kwenye upepo, kofia na tandiko. Utie katika lile tundu la sita, tupu. Kila akilifyatua, jina la mtu mmoja ampendaye limtoke kichwani, lisirudi. Amwite mamake "wewe". Amsahau farasi wake jina katikati ya safari, naye farasi ageuze masikio akingoja kuitwa.

Kisha mfikishe mbele ya muuaji anayemsaka. Tano zimekwisha, kidole gumba kiko juu ya nyundo, na kichwani limebaki jina moja tu la kulipia: la babake.