Naomba Kuonyeshwa Vifaru Vyangu

Kwa Waziri wa Ulinzi, Nairobi

KUH: VIFARU 33 AINA YA T-72

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mlipa kodi, mkazi wa Mombasa. Nakuandikia kuulizia mali yangu.

Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka MV Faina, meli ya Waukraine iliyokuwa ikija bandari yetu ya Kilindini. Tumboni ilikuwa na vifaru 33, mizinga ya kutungulia ndege na shehena ya risasi. Dunia ilipouliza mwenyewe ni nani, serikali ilijibu bila kigugumizi: ni vyetu, vya jeshi la Kenya. Nilifurahi mno, maana hata sikujua kuwa tumeagiza. Jeshi letu lilizoea vifaru vya Vickers kutoka Uingereza, lakini nani hachoki kula mboga moja kila siku?

Wachokozi nao hawakosekani. Walizipekua hati za shehena, wakakuta herufi GOSS, wakadai ndivyo Wazungu wanavyoifupisha Serikali ya Sudan Kusini. Msemaji wa serikali, Dkt. Alfred Mutua, akawaelimisha kwamba herufi hizo ni za jeshini kwetu na zinahusu vifaa na usalama. Mimi niliridhika. Ila Andrew Mwangura, mtetezi wa mabaharia hapa Mombasa, alishikilia kuwa mzigo ni wa serikali hiyo ya Sudan Kusini, kule Juba. Oktoba akatiwa mbaroni kwa kutoa taarifa za kuzua hofu, na shtaka la bangi likaongezwa juu yake. Wenye vifaru mkononi walikuwa baharini wakipatana bei. Mwenye mdomo tu ndiye aliyelazwa rumande.

Februari 2009 maharamia walilipwa dola milioni 3.2 wakaiachia meli. Vifaru vikashushwa Kilindini, vikapelekwa bara. Tangu hapo, Mheshimiwa, kimya. Kila Jamhuri Dei natazama gwaride nikitarajia kuviona vyote 33 vikipita mbele ya jukwaa, hata kimoja kimoja.

Kisha mwaka 2010 WikiLeaks ikatoa nyaraka za ubalozi wa Marekani. Humo maofisa wetu wanawathibitishia Wamarekani, faraghani, kwamba vifaru ni vya Sudan Kusini, na kwamba shehena nyingine zilishapitia Mombasa tangu 2007. Nimekataa kuamini. Siwezi kukubali kwamba balozi wa nchi ya watu aliambiwa kile ambacho mwenye kodi alifichwa, na mbunge wake pia. Isitoshe, 2004 mataifa ya kanda hii yalitia saini itifaki ya kudhibiti silaha ndogo jijini Nairobi kwetu, na 2006 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 7 zilizoandaa azimio la Umoja wa Mataifa la kutaka mkataba wa biashara ya silaha. Nchi yenye mkono wa namna hiyo kwenye karatasi ingewezaje, mwaka uliofuata tu, kupitisha vifaru kwa mlango wa nyuma?

Wala sisemi Juba haikustahili kusaidiwa. Watu wale walipigana zaidi ya miaka 20, na amani yao ya 2005 ilipatanishwa hapa Kenya, Naivasha. Huenda Bunge letu lingekubali kwa shangwe. Lingeulizwa tu.

Desemba 2013 Wasudani Kusini walianza kupigana wao kwa wao, na wakimbizi wakamiminika Kakuma. Vifaru vilikuwamo katika vita hivyo. Nina hakika havikuwa vile vya Faina, kwa sababu vile ni vyetu na viko kambini, vimefunikwa turubai, vinatiwa grisi kila mwezi kwa kodi yangu.

Kwa hiyo naomba niruhusiwe kuvitembelea. Nitakuja na kitambulisho na cheti cha kodi cha KRA, na hata kuvigusa sitagusa. Nitahesabu kwa macho hadi 33, nirudi zangu Pwani. Endapo vimehama, nitafurahi kupata risiti: nani alivitoa, kwa amri ya nani, nani alilipa na fedha ziliingia mfuko gani.

Najua jibu lenu la kawaida ni kwamba hiyo ni siri ya taifa. Sina ubishi. Nitaomba tu barua ya majibu itaje ni taifa gani.

Wako mtiifu,
Mwenye vifaru, Mombasa