Barua ya Wazi kwa Mabwana wa Lord's

Kwa: Wanachama wa Klabu ya Kriketi ya Marylebone, MCC
Uwanja wa Lord's, London

YAH: PONGEZI KWA KUTOKUWA NA HARAKA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Afrika Mashariki, ambako nasi kriketi tunaicheza kwa sheria mnazozitunza ninyi.

Nimeguswa na namna mlivyomuenzi Rachael Heyhoe Flint. Tangu mwaka 2022 Lord's kuna lango lenye jina lake. Heshima kubwa hiyo, hasa kwa mtu aliyefariki Januari 2017 na asiyeweza tena kuwasumbua kwa kubisha hodi.

Huenda baadhi yenu mlikuwa mmesinzia, kwa hiyo niwakumbushe alikuwa nani. Mwaka 1963, kwenye uwanja wa Oval, alikuwa mwanamke wa kwanza kupiga sita katika mechi ya Test. Kuanzia 1966 aliiongoza England kwa zaidi ya muongo mmoja, na kama nahodha hakupoteza Test hata moja. Mwaka 1976, hapo hapo Oval, Australia wakiwa wameshaanza kunusa ushindi, alisimama akigonga kwa zaidi ya saa nane na nusu, akakusanya mikimbio 179, na mechi ikaisha sare. Na Kombe la Dunia mnalojivunia? Yeye na tajiri Jack Hayward, aliyetoa pauni 40,000, walilianzisha la wanawake mwaka 1973. Rachael alilinyanyua kule Birmingham akiwa nahodha. Wanaume walifuata miaka miwili baadaye. Fainali yao, bila shaka, ikachezwa Lord's.

Wanawake mliwafungulia uwanja wenu mwaka 1976, klabu ikiwa na umri wa miaka 189. Rachael akaja na timu yake, wakawafunga Australia kwa wiketi nane, wakaenda zao. Nyasi ziliota tena kama kawaida.

Uanachama ulikuwa jambo jingine. Mechi ikiwa inaendelea, wanawake walioruhusiwa kuingia katika jengo lenu walikuwa Malkia, mlezi wa klabu, na wahudumu. Mvaa taji sawa, mbeba trei ya chai sawa. Aliyewashinda ni yule aliyejua kucheza. Basi mwaka 1991 jina lake likaletwa kwenu likiwa limeandikwa R. Flint, labda kwa tumaini kwamba herufi moja haina gauni. Mkaligundua gauni. Kura ikapigwa, na wengi wenu mkakataa.

Februari 1998 mkapiga tena. Asilimia 56 wakasema ndiyo, nanyi kwa busara mkakumbuka kwamba katiba yenu inadai theluthi mbili. Septemba mwaka huohuo waliokubali wakafika karibu asilimia 70. Wenye husuda wanadai kwamba katikati hapo wadhamini na fedha za bahati nasibu ya taifa vilianza kuwapa kisogo. Mimi siwezi kuamini uzushi huo. Naamini haki iliwashukia wenyewe, ndani ya miezi saba, baada ya kupotea njia kwa karne mbili.

Machi 1999 wanawake kumi wakapewa uanachama wa heshima, Rachael akiwemo. Alikuwa na miaka 59. Sita zake alikuwa ameshazipiga zote. Hata Bunge la Malodi, ambalo halisifiki kwa mbio, lilikuwa limewapokea wanawake tangu 1958. Huko nako aliingia, mwaka 2011. Wahenga wetu walisema subira yavuta heri, ila walisahau kutaja kwamba heri yaweza kumvutia mtu mmoja na subira ikabaki kwa mwingine.

Msidhani nawalaumu. Mnajua kupigania mnachokipenda. Mwaka 2022 uongozi wenu ulipotaka kuiondoa Lord's ile mechi ya kila mwaka ya watoto wa shule za Eton na Harrow, iliyoanza mwaka 1805, mlikuja juu kama nyuki, hadi ikarudishwa. Nimetafuta kumbukumbu ya ninyi kuja juu hivyo kwa ajili ya mechi ya Test ya wanawake, nikaambulia patupu.

Na Test hiyo ilikuwepo tangu Desemba 1934, England walipokwenda kucheza Brisbane. Wanaume wamekuwa wakicheza Test Lord's tangu 1884. Ya kwanza ya wanawake, England dhidi ya India, imepangiwa Julai 2026. Miaka 142 tu! Rachael hakuicheza, hakuiona, na lango lenye jina lake lilitangulia kufunguliwa.

Ombi langu ni moja. Mechi hiyo ikiisha, msiifanye kuwa kumbukumbu ya kupigia picha. Iwekeni kwenye ratiba kila timu ya wanawake inapokuja England kucheza Test, kama mnavyowawekea wavulana wa Eton.

Wenu katika kusubiri,
Mpenzi wa kriketi