Upepo wa Kilolo Wasingiziwa

Katika Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, imeota mizizi dhana kwamba baridi ni mali ya upepo, kwamba huingia nyumbani kupitia tundu la ufunguo na mwanya wa chini ya mlango, na kwamba mwenye nyumba aliyeziba matundu hayo kwa vipande vya kanga kuukuu amekwisha kushinda vita. Dhana hiyo haikosi chembe ya ukweli, lakini imemwacha mshitakiwa mkuu akitembea huru. Wilaya yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Iringa, ina hali za hewa mbili zisizosalimiana: Ruaha Mbuyuni, chini ya Mlima Kitonga, kuna mibuyu, vitunguu na joto linalomvua abiria wa basi koti lake, ilhali Dabaga na vijiji vingine vya juu, kati ya Juni na Agosti, vina baridi inayomfanya abiria huyohuyo alitamani na la mwenziwe.

Vitabu vya fizikia hutaja njia tatu ambazo kwazo joto huhama. Ya kwanza ni mpitisho, ambapo joto hupita baina ya vitu vinavyogusana, kama linavyotoka kwenye sufuria kwenda kwenye vidole vya mpishi mwenye haraka. Ya pili ni msafara, ambapo hewa au maji yaliyopata joto huondoka nalo. Na ya tatu, ambayo ndiyo inayohusika hapa, ni mnururisho, yaani utokaji wa nishati katika sura ya mawimbi ya sumakuumeme yasiyohitaji kubebwa na chochote. Kila kitu hunururisha, hata kile ambacho watu hukiita cha baridi: jiwe, ng'ombe, ukuta, mwenyekiti wa kijiji. Mwaka 1879 Jožef Stefan, mwanafizikia wa Vienna, alibainisha kwamba nishati inayotoka kwa njia hiyo hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto, ikihesabiwa kuanzia sifuri halisi, iliyo nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Kwa kanuni hiyo, kaa jekundu lenye nyuzi 700 hunururisha mara 130 hivi kuliko kipande cha ukuta cha eneo lilelile chenye nyuzi 15, na tofauti hiyo yatosha kueleza kwa nini mgeni humkimbilia mwenye jiko kabla hajamsalimu mwenye nyumba.

Mgeni kutoka Dar es Salaam ni wa manufaa makubwa kwa elimu hii. Hupewa chumba cha matofali ya kuchoma na sakafu ya saruji, hufunga dirisha, hutazama kipimajoto kinachosema nyuzi 18, kisha hushindwa kuelewa kwa nini meno yake yanagongana. Kosa lake ni kuihoji hewa peke yake, ilhali ngozi yake yenye nyuzi 33 inatazamana na kuta zenye nyuzi 15, ikizipelekea joto jingi na kupokea kidogo, kiasi kwamba kila mita ya mraba iliyo wazi hupoteza takriban wati 100 hata kama hakuna unyasi unaotikiswa na upepo. Hasara hiyo hufikia kilele anapovua nguo ili aoge kwa beseni alfajiri, na sauti anayoitoa wakati huo imepata kuwafanya majirani waulizane kama ameumwa na nge. Kitambaa kilichotundikwa ukutani kando ya kitanda, ambacho yeye hudhani ni urembo, kingempunguzia adha, kwa sababu kitambaa hupata joto upesi kuliko tofali na hivyo humrudishia sehemu ya kile anachokitoa.

Hata hivyo, ni msibani ambako sheria za mnururisho hutekelezwa bila upendeleo. Wanaume hukesha nje wakizunguka magogo ya milingoti, na kwa kuwa miale ya joto husafiri kwa mstari ulionyooka na haipindi kona, uso wa mwombolezaji huiva huku mgongo wake ukiganda, hata imlazimu kujigeuza kama mshikaki. Anayesogeza kigoda chake kutoka mita mbili hadi mita moja hupokea joto karibu mara nne, iwapo moto wenyewe ni mdogo, na hapo ndipo viatu vya plastiki huanza kulegea, harufu ikimfikia jirani kabla ya habari kumfikia mwenye miguu, ambaye nyayo zake zimekufa ganzi. Aliyezoea kukaa hivyo kwa miaka mingi hupata kwenye miguu madoa ya kahawia yaliyojisuka kama wavu, ambayo madaktari huyatambua upesi. Balaa kubwa kuliko yote ni mzee mwenye koti refu anayesimama mbele ya moto ili atoe neno la faraja, maana mwili wake huikata miale yote iliyokuwa ikiwaendea walio nyuma yake, na kadiri neno linavyorefuka ndivyo huzuni ya watu hao inavyozidi kuwa ya kweli.

Jiko la mkaa lililoingizwa chumbani na mlango ukafungwa halina nafasi katika ucheshi huu, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka humo haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Shati jeupe la shule linaloanikwa kando ya jiko ili likauke, kwa upande wake, limewaponza akina mama wengi waliojifunza, kwa usahihi kabisa, kwamba nyeupe haipokei joto la jua sana. Karibu nusu ya nishati ya jua huja katika mwanga unaoonekana, ambao nguo nyeupe huurudisha. Lakini makaa hutoa karibu nishati yao yote katika miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, na mbele ya miale hiyo pamba nyeupe, hasa ikiwa mbichi, hunyonya karibu sawasawa na nyeusi. Mwanafunzi hufika shuleni na shati lenye ramani ya kahawia mgongoni, na mwalimu wa zamu, ambaye somo lake ni historia, haridhiki na maelezo.

Bodaboda nazo zina fungu lao. Kiti kilichoachwa nje usiku wa anga wazi hunururisha kuelekea juu, na sifongo iliyo chini ya ngozi yake huzuia joto la pikipiki lisipande kufidia, hivyo kiti hupoa kuliko hewa inayokizunguka na mvuke hutonea juu yake. William Charles Wells, daktari wa London, alieleza jambo hilo mwaka 1814 katika insha yake kuhusu umande, akionyesha kwamba kitu hupoa kwanza, kisha ndipo umande hujikusanya. Pikipiki iliyolala upenuni, ikitazamana na bati badala ya anga, huamka kavu. Dereva asiyejali tofauti hiyo humwambia abiria aliyevaa suti ya kijivu kwa ajili ya kikao, "Kaa tu, mzee, nimeshafuta," na mzee hulazimika kuhudhuria kikao chote akiwa amesimama ukutani.

Kilio halisi kiko kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Usiku usio na mawingu, anga kavu la nyanda za juu hurudisha joto kidogo mno kuliko linavyopokea. Majani ya viazi hupoa nyuzi kadhaa chini ya hewa iliyo juu yake, na hewa iliyopozwa miteremkoni, kwa kuwa ni nzito, huteleza na kutuama bondeni kulikolimwa. Kufikia alfajiri umande umeganda kuwa jalidi na viazi vimeungua, ingawa kipimajoto kilichotundikwa barazani kinasoma nyuzi nne na mwenye nacho anaapa kwamba haikuganda. Katika maafa hayo hubaki kijani tuta moja lililo chini ya mparachichi, kwa sababu matawi, yenye joto karibu sawa na la hewa, huvinururishia viazi usiku kucha kile ambacho anga haliwezi kuwarudishia wengine. Minong'ono huanza kabla ya saa tatu, ikitaja mizizi, hirizi na bibi mmoja wa kijiji cha pili, na mwenye mparachichi, akipima ugumu wa kuitwa mbele ya baraza kueleza kipeo cha nne, huona ni nafuu kumpelekea kila jirani sado moja ya viazi na kukubaliana nao kwamba upepo wa mwaka huu ulikuwa mbaya sana.