Mpangaji Kahama, Kandambili Zimebaki

Ukiondoa plagini kwenye tovuti ya WordPress, ni kama mpangaji aliyehama usiku. Chumba ni kitupu, lakini nyuma ya mlango kuna kandambili, na ukutani inaning'inia kalenda ya mwaka juzi. Kandambili hizo ni faili za tafsiri. Huu hapa ni mwongozo wa kuzitoa. Ufuate hatua kwa hatua, maana ndani ya rundo lile huwa kuna mali ya mtu.

Nianze na kisa. Nilikuwa nikitunza duka la mtandaoni la mama mmoja muuza vitenge. Plagini ya kapu tuliifuta, na miezi kadhaa baadaye tukairudisha, toleo jipya lililokuja na Kiswahili chake kizuri. Jioni akanipigia simu: "Mwanangu, mteja anauliza kama siku hizi tunauza na magari." Nikafungua ukurasa. Palipopaswa kusomeka "Kapu lako halina kitu" palisomeka "Gari lako ni tupu." Tafsiri ya zamani ilikuwa bado imekaa kwenye folda ya wp-content/languages/plugins, na WordPress hutazama humo kwanza kabla ya kutazama ndani ya plagini yenyewe. Aliyehama ndiye aliyekuwa bado anaitikia hodi.

1. Hakikisha kahama kweli. Kuzima plagini si kuifuta. Ukiizima, mpangaji amefunga mlango akasafiri. Vyombo vyake viache. Ukiifuta kupitia dashibodi, WordPress hufagia yenyewe tafsiri zenye jina sawa na folda ya plagini. Masalia hubaki pale ulipofuta folda kwa mkono kupitia FTP, au plagini ilipotumia jina moja kwa folda na jingine kwa tafsiri. Hubaki pia kama tafsiri ulizihifadhi kwa plagini ya kutafsiria ya Loco Translate, ambayo ina kona yake: wp-content/languages/loco.

2. Chukua nakala ya akiba. Pakua folda nzima ya languages kwenye kompyuta yako kabla hujagusa chochote. Ni kazi ya dakika chache. Anayefagia gizani hufagia na pete.

3. Wajue kwa majina. Tuseme plagini iliyohama iliitwa fomu-rahisi. Tafsiri zake za Kiswahili zitakuwa familia: fomu-rahisi-sw.po ni ya binadamu kusoma na kuhariri, fomu-rahisi-sw.mo ni ya mashine. Tangu toleo la 6.5 la WordPress la mwaka 2024 kuna na ndugu yao mwenye kiishio cha .l10n.php, aliyeletwa ili tafsiri zipakiwe haraka zaidi. Halafu huenda kukawa na faili za .json, zenye mkia wa herufi na tarakimu 32 baada ya sw, zinazotafsiri maneno yaliyomo kwenye JavaScript. Ukimtoa mmoja ukawaacha wengine, hujatoa familia.

4. Usiguse chumba cha mwenye nyumba. Nje ya folda ya plugins, moja kwa moja ndani ya languages, utakuta sw.mo, admin-sw.mo na wenzao. Hao ni wa WordPress yenyewe. Ukiwafuta, dashibodi nzima itarudi kwenye Kiingereza, na mama aliyezoea kubonyeza kwa Kiswahili atadhani duka limeibwa.

5. Fungua faili ya .po kabla ya kuifuta. Hii ndiyo hatua iliyonifanya niandike mwongozo huu. Baada ya kisa cha magari nilipandwa na hasira, nikafuta kila chenye "-sw" kwenye folda ile kwa mkupuo mmoja. Humo mlikuwa na tafsiri ya fomu ya kupeleka mizigo, ambayo mimi na yule mama tuliiandika kwa jioni nne. Jioni moja ilikwisha kwa neno moja tu. Mimi nilitaka "anwani", yeye akasema, "Wateja wangu hawana anwani, mwanangu. Waulize wanakaa karibu na nini." Tukaandika: "Unakaa karibu na wapi?" Mistari ile haikurudi, kwa sababu nakala ya akiba sikuwa nayo.

Kwa hiyo ifungue kwa kihariri chochote cha maandishi, usome mistari ya juu. Ukiona X-Generator: GlotPress, faili imeshushwa kutoka translate.wordpress.org, na ukiihitaji utaishusha tena. Ukiona Poedit au Loco, kuna mtu aliyekaa chini akaiandika. Tazama Last-Translator, huenda jina ni lako. Kama .po imepotea na iliyobaki ni .mo, programu ya msgunfmt ya GNU gettext inaweza kuirudisha .mo kuwa .po ya kusomeka.

6. Sasa toa. Zilizoshushwa, futa familia nzima. Zilizoandikwa kwa mkono, zihamishie kwanza mahali pa kudumu nje ya tovuti, ndipo uzifute kwenye seva. Kisha safisha kashe, fungua tovuti kwa simu kama mteja, na upitie kapu, fomu na malipo, ukisoma kila neno kwa sauti.

Faili yenyewe ni ndogo, na ikikaa bila plagini yake haisomwi na mtu. Lakini udogo huo ndio unaotufanya tuidharau. Kiswahili cha kwenye skrini kinajengwa na watu wanaojitolea, mstari mmoja baada ya mwingine, na kila msgstr (mstari wa tafsiri) iliyojazwa ni mtu aliyejiuliza mteja atasemaje akifika hapo.

Yule mama tulikaa naye tena. Safari hii jioni zilitosha mbili, kwa sababu maneno aliyakumbuka kuliko mimi. Tulipofika penye anwani hakunisubiri niulize. "Andika, mwanangu: unakaa karibu na wapi?" Nikaandika, nikahifadhi, na nakala ya .po nikamwachia kwenye simu yake.